Mapambo ya dashibodi yabanduliwe kwa joto na uzi, petroli na bisibisi viwekwe kando

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wenye magari, na zaidi na mafundi wenzangu, kuhusu kazi inayoonekana ndogo lakini imeharibu dashibodi nyingi: kubandua mapambo yaliyobandikwa ndani ya gari. Nazungumzia zile nakshi za mfano wa mbao, za mfano wa kaboni na za rangi ya fedha, zinazouzwa kwa seti na kubandikwa kuzunguka redio, kwenye matundu ya kiyoyozi, pembeni mwa gia na juu ya swichi za vioo. Jua likishazipiga miaka michache, kingo hunyanyuka, mbao hupauka au kupasuka, na mwenye gari anataka ziondoke. Wengi hukumbuka siku wanapotaka kuuza.

Kinachofuata katika gereji nyingi za barabarani ni bisibisi bapa kwenye kona, mvuto wa nguvu, kisha kitambaa kilicholowa petroli kumalizia gundi. Kazi inaisha upesi, na dashibodi inabaki na mashimo ya bisibisi yasiyozibika, ngozi iliyoachana na sponji yake, na weupe usiosafishika pale petroli ilipopita. Dashibodi nyingine utaipata ya gari lililokatwa, kule Gerezani kwa sisi wa Dar es Salaam au Kirinyaga Road kwa wa Nairobi, na kuifunga maana yake ni kufungua redio, mifereji ya kiyoyozi, nyaya na eabegi, yaani mfuko wa hewa unaofumka kumkinga mtu kwenye ajali. Ukilinganisha na hayo, saa mbili au tatu za kubandua kwa utaratibu ni bei rahisi mno.

Kwanza ujue kama pambo limebandikwa au limetoka na gari kiwandani. Pitisha ukucha pembeni. Lililobandikwa linakaa juu ya paneli, ukucha unakwama kwenye ukingo wake, na mara nyingi utaona mstari wa vumbi lililonasa kwenye gundi. La kiwandani liko usawa mmoja na plastiki jirani, na kati yao kuna mwanya mwembamba ulionyooka. Toyota Crown na Mark II nyingi zilitoka kiwandani na nakshi ya mbao, na nimeona zikishambuliwa kwa joto na bisibisi ilhali zimeshikwa kwa klipu na skrubu. Hapo unachovuna ni meno ya klipu yaliyovunjika.

Hata kwa lililobandikwa, angalia kama paneli iliyolibeba inatoka. Fremu ya redio, fremu ya gia na paneli ya swichi za vioo mlangoni kwa kawaida hutoka kwa klipu, pengine na skrubu moja au mbili zilizojificha. Itoe, chomoa plagi za swichi kwa kubonyeza ulimi wake bila kuvuta nyaya, uifanyie kazi mezani. Mezani unaona kingo zote, joto haligusi vitu vingine, na dawa haitiririkii ndani ya swichi. Pia utasoma mgongoni mwa paneli plastiki ni ya aina gani: kiwanda huchapa herufi kama >PP<, >ABS< au >PC+ABS<. Alama hizo zina kazi kubwa huko mbele.

Mapambo yenyewe hayako sawa. Stika nyembamba ya nailoni ndiyo rahisi kuliko zote. Inayofuata ni ile ya kung'aa yenye unene wa milimita 1 hadi 2, ambayo juu ina utomvu mgumu kama kioo na mgongo wote umejaa gundi. Hii ikiwa baridi huvunjika vipande vipande vyenye makali ya kukata vidole, ikipata joto hujikunja kama ngozi. Kisha kuna vipande vya plastiki ngumu au bati jembamba vinavyoshikwa na tepu ya sponji ya pande mbili. Hivi havijikunji hata ukivipasha, kwa hiyo dawa yake ni uzi. Mistari ya fedha ya kwenye matundu ya kiyoyozi mingi imechomekwa tu kwenye ukingo wa bapa za matundu hayo. Anza kuivuta kutoka ncha moja kabla hujafikiria joto. Na mwisho kuna ubaya uliofanywa na mtu aliyeona tepu imelegea akaongeza supaglu. Dalili yake ni unga au ukungu mweupe pembeni mwa pambo. Huyo nitamrudia.

Tepu ya akriliki iliyoko nyuma ya mapambo mengi haiyeyuki kwa joto la kawaida. Inalegea, na inaachia kwa anayevuta polepole. Ukiivuta kwa ghafla inakuwa ngumu na nguvu yote inahamia kwenye rangi au ngozi ya dashibodi, ambayo ndiyo itakayokubali kwanza. Ndiyo maana fundi mwenye haraka huharibu hata akiwa na vifaa vyote vizuri. Sentimita moja kwa sekunde kadhaa ni mwendo mzuri. Ukisikia mlio wa kuchanika, simama, ongeza joto.

Joto la kwanza ni la bure. Gari likiegeshwa juani saa sita mchana, vioo vimefungwa, juu ya dashibodi panaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi. Saa moja au mbili za jua la Dar au Mombasa zimemaliza nusu ya kazi. Sehemu zisizofikiwa na jua zipashe kwa draya ya nywele ya mkononi, umbali wa sentimita 10 hadi 15, ikitembea muda wote, dakika moja hadi mbili kwa eneo la upana wa kiganja. Kipimo ni mkono wako: paneli iwe ya moto lakini uweze kuweka kiganja kwa sekunde mbili tatu. Hapo uko karibu na nyuzi 60, na hiyo inatosha.

Ile bunduki ya hewa moto ya kuchunia rangi iache kwenye boksi. Inatoa hewa ya nyuzi 500 na kuendelea, na plastiki ya ABS huanza kulegea ikikaribia 100. Kabla hujaona chochote, paneli imeshajipinda na chembechembe za uso wake zimelala zikang'aa. Mng'ao huo hauondoki.

Anza kwenye kona, usianze katikati. Bandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi kwenye plastiki jirani, mikunjo miwili, ili kifaa kikiteleza kikwaruze tepu. Kifaa kiwe cha plastiki: kibanzi cha kufungulia simu, au kadi ya benki iliyokwisha muda iliyokatwa mshazari. Ingiza milimita mbili au tatu, pasha tena, ndipo usogee. Ukishapata mahali pa kushika, ikunje stika irudi juu ya uso wake na uivute sambamba na dashibodi. Kuivuta wima kwenda juu ndiko kunakonyanyua ngozi. Dashibodi laini zina ngozi ya vinili iliyogundishwa juu ya sponji, na kwa gari la zamani lililokaa juani gundi ile ya kiwandani ni dhaifu kuliko tepu uliyoibandika wewe. Ngozi ikishanyanyuka hutengeneza malengelenge ambayo hayarudi.

Kwa vipande vigumu tumia mshipi wa kuvulia wenye unene wa milimita 0.4 hadi 0.5. Kata nusu mita, funga kila ncha kwenye kijiti ili usikate vidole, pasha ukingo, pitisha mshipi nyuma ya pambo na uukeketue kulia na kushoto kama msumeno. Uegemeze kwenye mgongo wa pambo, usiuegemeze kwenye paneli, maana mshipi wa moto unaochanja plastiki unaacha mfereji. Ukikatika, funga mwingine. Hiyo ni kawaida. Usipokuwa nao, uzi wa kusafishia meno uliokunjwa mara mbili unafaa. Kipande kirefu kikaze kidogo kwa mkono wa pili kadiri unavyokwenda, lakini usikitumie kama wenzo kwa kuegemea paneli. Nyufa nyingi za fremu za redio zimetokana na hapo, kwa sababu kuzunguka tundu la redio plastiki ni nyembamba sana.

Pambo likitoka, mabaki ya gundi yasikutie haraka. Mengi yanatoka bila dawa yoyote. Yakiwa bado vuguvugu, yaviringishe kwa kidole gumba yajikusanye kuwa vidonge. Yakigoma, chukua kipande cha ile tepu uliyoibandua, kigandamize juu ya mabaki, kinyanyue. Gundi hupenda kushikana na gundi mwenzake. Kwenye plastiki yenye chembechembe kama ngozi, kitakachobaki ndani ya vijimifereji ndicho cha kutafutia dawa.

Kuhusu dawa nitasema kwa urefu kidogo, maana hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Anza na dhaifu. Maji ya vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo. Yakishindwa, mafuta ya kupikia: yapake, yaache dakika 10 hadi 15, yafute pamoja na gundi, kisha osha kwa sabuni. Yakishindwa nayo, spiriti ya hospitali ya asilimia 70, au mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, subiri dakika tano, angalia kama rangi imehamia kwenye kitambaa au uso umeanza kunata. Dawa ilowe kwenye kitambaa, usiimwage kwenye paneli. Mafuta ya taa yasilale kwenye vinili au mpira. Futa ndani ya dakika mbili tatu na uoshe, la sivyo yanavimbisha na harufu inabaki wiki nzima.

Petroli, tina na asetoni visiingie kabisa. Paneli yenye alama ya ABS au PC+ABS ikiguswa na asetoni au tina, uso wake unayeyuka palepale. Petroli ni mjanja zaidi: leo paneli inaonekana safi, baada ya muda nyufa ndogo kama utando wa buibui zinatokea pale ilipokuwa imebanwa na klipu au skrubu. Plastiki ya PP inavumilia zaidi, lakini kama hujageuza paneli ukasoma mgongoni, ichukulie kuwa ni ABS. Kile kioo cha plastiki kinachofunika mishale ya spidi, na skrini ya redio, visiguswe hata na spiriti; maji na sabuni tu, kwa kitambaa cha maikrofaiba.

Tena joto na dawa visikutane. Mvuke wa petroli unawaka hata kwenye baridi kali. Mafuta ya taa nayo huanza kutoa mvuke unaoweza kuwaka kuanzia nyuzi 38 hivi, na dashibodi uliyoipasha ina 60. Draya ndani yake ina waya ulio mwekundu kwa moto. Kwa hiyo maliza kupasha, chomoa draya uitoe nje ya gari, fungua milango yote, subiri paneli ipoe hadi uhisi ubaridi wake, ndipo ushike chupa ya dawa.

Sasa eabegi, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Pambo lililobandikwa juu ya kifuniko cha eabegi ni hatari likiwa limekaa, na ni hatari likibanduliwa ovyo. Tafuta maandishi ya SRS (alama ya mfumo wa eabegi) au AIRBAG: katikati ya usukani, juu ya dashibodi mbele ya abiria, ubavuni mwa siti, kwenye nguzo na kingo za paa, na kwa baadhi ya magari chini ya usukani usawa wa magoti. Kifuniko cha mbele ya abiria kina mstari dhaifu uliofichwa kwa ndani, kinapasukia hapo, na mfuko unajaa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kipande cha plastiki ngumu au cha bati kilicholala juu ya mstari huo kinarushwa usoni mwa aliyekaa mbele yake. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, iliwaonya wenye magari kuhusu mapambo ya vito bandia yanayobandikwa katikati ya usukani, baada ya dereva mmoja kupofuka jicho moja pambo lilipomrukia katika ajali.

Kuliondoa kunataka mkono mwepesi. Zima gari, toa ufunguo, fungua kichwa cha betri cha upande wa hasi, usubiri. Vitabu vya Toyota vinataka angalau sekunde 90, na viwanda vingine vinataka dakika 3. Subiri 10, hazikugharimu kitu. Kwenye kifuniko cha eabegi usitumie kibanzi, usitumie mshipi wa kukeketua kwa nguvu, na usikae usawa wa kifuniko hicho. Joto liwe la jua au draya kwa mbali, kisha vidole, polepole. Dawa ya majimaji isiingie kwenye mianya. Kama ngozi ya kifuniko inaanza kunyanyuka pamoja na pambo, acha hapo hapo umpe kazi fundi anayefungua eabegi kwa kitabu. Kifuniko kilichochanika hakizibwi kwa gundi wala kushonwa, kwa sababu gundi uliyoongeza inaziba njia ya mfuko.

Kuna jambo moja linawapata wengi wakishafungua betri ya gari lililotoka Japani. Redio nyingi za Toyota zenye ramani hujifunga umeme ukikatika, kisha zinadai kadi ya SD ya ramani au namba ya kufungulia. Angalia kama kadi ipo kwenye redio kabla hujagusa betri. Kama haipo, na pambo unaloondoa liko mlangoni au pembeni mwa gia mbali na eabegi, usifungue betri. Toa ufunguo tu. Kama liko juu ya eabegi, betri ifunguliwe, na habari ya redio umwambie mwenye gari mapema.

Yule wa supaglu sasa. Kinachoiyeyusha vizuri ni asetoni, na asetoni inayeyusha paneli pia. Joto linaidhoofisha kidogo, lakini kabla haijaachia vizuri paneli ya ABS imeshafika mahali pa kujipinda. Ushauri wangu ni kutoa paneli na kutafuta nyingine. Fremu ya gia au paneli ya swichi iliyotumika si ghali, na ni bora kuliko kovu la ukubwa wa kiganja. Kama paneli haitoki, kata pambo usawa wa gundi kwa mshipi, sugua kinachobaki kwa msasa wa maji namba 800 kisha 1500, na uipake rangi ya plastiki paneli nzima. Kupaka doa peke yake hakufichi kitu. Gundi ya viatu ya manjano ni nafuu kidogo: inalegea kwa joto na inakubali kuviringishwa, ila ina nyuzinyuzi na inataka subira.

Mwenye gari aelezwe pia kitu kimoja kabla kazi haijaanza, ili pasiwe na ugomvi wa malipo. Plastiki iliyokuwa chini ya pambo haikupigwa jua. Itakuwa nyeusi zaidi, na umbo la pambo litaonekana. Hakuna dawa ya kulifuta. Polishi isiyo na mafuta mengi inapunguza tofauti, na kupaka rangi paneli nzima kunaimaliza. Tena baadhi ya magari yana rangi laini inayoshikika kama mpira juu ya plastiki, na kwa joto na unyevu wa pwani rangi hiyo huoza ikawa inanata. Pambo likiwa juu yake, itatoka nalo hata ufanye kwa ustadi gani. Bonyeza kidole mahali palipo wazi: kikinata, mwambie mwenye gari mapema.

Na anayetaka kubandika pambo jipya asifanye hivyo siku hiyo hiyo juu ya mabaki ya mafuta. Aoshe, apanguse kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, akaushe, abandike akigandamiza kila sehemu, na aiache saa 72 bila kuivuta, ndipo tepu ya akriliki inafikia nguvu yake kamili.

Ombi langu kwa wauzaji wa seti hizi: vile vipande vinavyokaa mbele ya abiria na kile cha duara cha katikati ya usukani vitoeni kwenye pakiti kabla ya kumkabidhi mteja. Kwa mafundi wanaobandika, mteja akikuletea kipande hicho, mrudishie mkononi na umwonyeshe maandishi ya SRS. Na wanaokagua magari wakati wa zoezi la usalama barabarani, baada ya kutazama matairi na taa, wapitishe pia kiganja juu ya kifuniko cha eabegi ya abiria wahisi kama kuna kilichobandikwa.

Fundi wa ndani ya magari,
Ilala, Dar es Salaam